Kuchuja njia katika mtandao wa OSPF: chagua mahali kabla ya kuchagua amri

Mafundi wanaoanza kazi na OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kutafuta njia za mtandao, huniuliza maswali yale yale matatu. Wa kwanza ameandika `distribute-list` kwenye ruta yake na njia imetoweka, lakini ruta ya jirani bado inaiona. Wa pili ameweka kichujio cha kuzuia mtandao mmoja, na mitandao yote imepotea. Wa tatu anataka ruta moja isimtangazie jirani yake mtandao fulani, ingawa wote wawili wako katika eneo moja, yaani kundi moja la ruta, na hapati amri ya kufanya hivyo. Maswali yote matatu yana chanzo kimoja: fundi ameanza kutafuta amri kabla ya kujua ni mahali gani katika mtandao ambapo OSPF inakubali kuchujwa.

Mwongozo huu unatumia amri za Cisco IOS, kwa kuwa ndizo ambazo wengi hujifunzia. Karibu na mwisho nimeeleza kwa ufupi tofauti zilizopo kwenye FRRouting (programu ya ruta ya Linux) na ruta za MikroTik.

Nadharia kidogo isiyokwepeka

Ruta za OSPF hazipeani orodha ya njia. Kila ruta hutangaza viungo vyake, matangazo hayo husambazwa kwa kila ruta ya eneo lile, na kila moja hujikusanyia ramani kamili ambayo kutokana nayo hukokotoa njia zake yenyewe. Waraka RFC 2328 wa mwaka 1998, ambao ndio msingi wa OSPF toleo la 2, unazitaka ruta zote za eneo moja ziwe na ramani ile ile. Ramani zikitofautiana, ruta mbili zinaweza kurudishiana pakiti bila mwisho.

Kwa hiyo ndani ya eneo moja huwezi kumzuilia jirani tangazo. Unaweza kuchuja katika sehemu tatu tu: kwenye ruta iliyo mpakani mwa maeneo mawili, yaani ABR, kwenye ruta inayoingiza njia za nje katika OSPF, yaani ASBR, na kwenye jedwali la njia la ruta moja, ambapo kuchuja hakubadilishi chochote kwa ruta nyingine.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na mchoro wa mtandao unaoonyesha kila ruta iko eneo gani, na hasa ni ruta ngapi zinaunganisha eneo husika na eneo 0. Uwe na ruhusa ya kuingia kwenye ruta zote za mpakani, kwa sababu kuifikia moja kati ya mbili hakutoshi. Uwe na mahali pa kujaribia, kama vile GNS3, EVE-NG au kompyuta ya Linux yenye FRRouting. Cisco Packet Tracer ina sehemu tu ya amri za IOS, basi usishangae amri ikikataliwa humo. Mwisho, andika kwa sentensi moja lengo lako: ni mtandao gani usionekane, na usionekane na nani. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, hujawa tayari kugusa ruta.

Mfano tutakaoutumia ni wa chuo chenye maeneo mawili. R1, R2 na R4 ziko eneo 0. R2 iko mpakani, ikiunganisha eneo 0 na eneo 1. R3 na R5 ziko eneo 1, na R5 iko nyuma ya R3. Nyuma ya R1 kuna seva (10.0.10.0/24) na ofisi ya fedha (10.0.20.0/24). Nyuma ya R3 kuna kamera za ulinzi (10.1.99.0/24), na nyuma ya R5 kuna madarasa (10.1.10.0/24). R4 ina njia mbili zilizoandikwa kwa mkono: 172.16.5.0/24 ya chuo mshirika na 172.16.9.0/24 ya maabara ya majaribio.

Hatua ya 1: Jiwekee njia ya kurudi

Ikiwa ruta iko mbali nawe, hifadhi usanidi uliopo, kisha iamuru ijiwashe upya baada ya dakika kumi:

```
copy running-config startup-config
reload in 10
```

Ukijikatia mawasiliano, ruta itajiwasha upya na kurudi katika usanidi wa zamani. Kazi ikienda sawa, andika `reload cancel`. Usihifadhi usanidi mpya kabla ya kuthibitisha, kwani ukiuhifadhi kinga hii haina maana tena. Kumbuka pia kwamba kujiwasha upya hukata huduma kwa wote wanaotumia ruta hiyo, kwa hiyo panga kazi yako wakati watumiaji ni wachache.

Hatua ya 2: Soma herufi zilizo mbele ya njia

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Nenda kwenye ruta ambayo hutaki iione njia, kisha uandike:

```
show ip route ospf
```

Herufi zilizo mwanzoni mwa mstari zinakuambia njia imezaliwa wapi, na kwa hiyo ni chombo gani kitaiweza.

Ukiona `O` peke yake, njia inatoka ndani ya eneo lile lile. Hapo hakuna kichujio cha kuzuia tangazo. Una hiari ya kuificha kwenye jedwali la ruta moja (hatua ya 7), kuuondoa mtandao huo katika OSPF kabisa, au kupanga upya mipaka ya maeneo.

Ukiona `O IA`, njia imetoka eneo jingine na imeletwa na ruta ya mpakani kwa tangazo la aina ya 3. Itachujwa mpakani, kwa hatua ya 4.

Ukiona `O E1` au `O E2`, njia imetoka nje ya OSPF kwa tangazo la aina ya 5. Ichuje pale ilipoingizwa, kwa hatua ya 5. Ndivyo ilivyo pia kwa `O N1` na `O N2`, ambazo ni njia za nje zilizoingizwa ndani ya eneo la aina ya NSSA kwa tangazo la aina ya 7.

Nimeona watu wakipoteza siku nzima wakiandika `filter-list` dhidi ya njia ya `O E2`. Amri hiyo inachuja matangazo ya aina ya 3 peke yake. Kwa njia ya nje haifanyi kitu, wala haikupi onyo lolote.

Hatua ya 3: Andika orodha ya prefiksi (anwani za mitandao) kabla ya kuitumia

Katika mfano wetu tunataka mtandao wa kamera usitoke eneo 1. Kwenye R2 andika:

```
ip prefix-list TOKA-ENEO1 seq 5 deny 10.1.99.0/24
ip prefix-list TOKA-ENEO1 seq 100 permit 0.0.0.0/0 le 32
```

Mstari wa pili ndio jibu la yule fundi aliyepoteza mitandao yote. Kila orodha ya prefiksi huishia na katazo lisiloandikwa, linalozuia chochote ambacho hukukitaja. Na angalia sana maneno `le 32`. Ukiandika `permit 0.0.0.0/0` bila maneno hayo, hujaruhusu mitandao yote. Umeruhusu njia chaguomsingi peke yake, yaani ile inayotumika pakiti isipopata njia nyingine. Kadhalika, `deny 10.1.99.0/24` inakamata mtandao wenye urefu wa 24 kamili. Ikiwa kamera zimegawanywa katika vipande vidogo vya /26, orodha hii itaviacha vipite, na utahitaji `deny 10.1.99.0/24 le 32`.

Acha nafasi kati ya namba za mfuatano, kama nilivyofanya hapa kutoka 5 hadi 100, ili utakapoongeza katazo jingine baadaye liingie kabla ya mstari wa ruhusa.

Hatua ya 4: Chuja kwenye ruta ya mpakani

```
router ospf 1
 area 1 filter-list prefix TOKA-ENEO1 out
```

Maneno `in` na `out` huwachanganya wengi, kwa kuwa wamezoea kuyafikiria kwa upande wa ruta au kiolesura. Hapa yanahesabiwa kwa upande wa eneo. `area 1 ... out` maana yake ni njia zinazotoka eneo 1 kwenda maeneo mengine yote. `area 1 ... in` ni njia zinazoingia eneo 1 kutoka kwingine. Kwa mfano, ukitaka eneo 1 lisipate njia ya ofisi ya fedha, utaandika:

```
ip prefix-list INGIA-ENEO1 seq 5 deny 10.0.20.0/24
ip prefix-list INGIA-ENEO1 seq 100 permit 0.0.0.0/0 le 32
router ospf 1
 area 1 filter-list prefix INGIA-ENEO1 in
```

Ikiwa ruta ya mpakani ina maeneo matatu, tofauti hii inakuwa nzito zaidi: `area 0 ... in` itazuia kamera zisionekane eneo 0, lakini ruta hiyo hiyo itaendelea kuzitangaza moja kwa moja eneo 2. Lengo likiwa ni kuzuia zisitoke kabisa, tumia `out` ya eneo zilikozaliwa.

Kwa kuzuia mtandao mmoja au kundi la mitandao inayofuatana, kuna njia fupi isiyohitaji orodha:

```
router ospf 1
 area 1 range 10.1.99.0 255.255.255.0 not-advertise
```

Amri hii hufanya kazi kwa njia zilizozaliwa ndani ya eneo linalotajwa tu. Mimi huipenda kwa sababu mtu atakayekuja baada yako ataielewa kwa kuisoma mara moja, bila kutafuta orodha iliyoandikwa mahali pengine.

Tahadhari: kama eneo 1 lina ruta mbili za mpakani, kichujio kiwe kwenye zote mbili. Ukikiweka kwenye moja, nyingine itaendelea kutangaza, nawe utadhani amri imekataa kufanya kazi. Kibaya zaidi ni kwamba trafiki yote itahamia kwenye ruta ambayo hukuigusa, pengine ile yenye kiungo chembamba.

Hatua ya 5: Chuja kwenye lango la njia za nje

R4 inatakiwa iingize katika OSPF njia ya chuo mshirika, na maabara ibaki nje. Hapa ni busara kubadili mtazamo: badala ya kukataza usichokitaka, ruhusu unachokitaka na uache katazo lisiloandikwa lifanye mengine. Njia mpya ikiandikwa kwenye R4 mwakani na mtu asiyejua habari hizi, haitavuja.

```
ip prefix-list WASHIRIKA seq 5 permit 172.16.5.0/24
route-map STATIKI-OSPF permit 10
 match ip address prefix-list WASHIRIKA
router ospf 1
 redistribute static subnets route-map STATIKI-OSPF
```

Usisahau neno `prefix-list` katika mstari wa `match`. Ukiliacha, IOS itatafuta ACL (orodha ya kuruhusu au kuzuia trafiki) yenye jina WASHIRIKA wala haitaisoma orodha yako. Neno `subnets` nalo ni la lazima katika matoleo mengi ya IOS. Bila hilo, mitandao iliyogawanywa kutoka madaraja ya zamani, kama hii ya 172.16.5.0/24, haiingizwi. Aidha, usiweke 0.0.0.0/0 katika orodha hii ukitarajia njia chaguomsingi isambazwe, kwa kuwa `redistribute static` katika OSPF haiingizi njia chaguomsingi. Kazi hiyo ni ya `default-information originate`.

Kama njia zinaingizwa na kutolewa kati ya OSPF na itifaki nyingine kwenye ruta mbili au zaidi, ziwekee alama kwa `set tag` zinapoingia, kisha uzikatae kwa `match tag` zinapotaka kurudi zilikotoka. Bila alama, njia iliyozaliwa upande mmoja inaweza kuzunguka na kurejea kwao kama mgeni.

Hatua ya 6: Ukijikuta unazuia karibu kila kitu, badilisha aina ya eneo

Tawi lenye mlango mmoja wa kutokea halihitaji kujua kila mtandao wa makao makuu. Badala ya orodha ndefu ya makatazo, lifanye kuwa la aina ya `stub`, ambayo haipokei njia za nje, na kwenye ruta ya mpakani ongeza `no-summary` ili njia za maeneo mengine nazo zisiingie:

```
R2:      area 1 stub no-summary
R3, R5:  area 1 stub
```

R2 itatangaza njia chaguomsingi ndani ya eneo 1, na hiyo yatosha. Kila ruta ya eneo lazima iwe na `stub`, kwa kuwa alama hiyo hukaguliwa katika salamu za majirani. Ukiiweka upande mmoja tu, ujirani utavunjika papo hapo. Eneo 0 haliwezi kufanywa hivi. Eneo likiwa na ruta inayoingiza njia za nje, tumia `nssa` mahali pa `stub`.

Hatua ya 7: Kuficha njia kwenye ruta moja, baada ya kushindwa kwingine kote

```
ip prefix-list FICHA seq 5 deny 10.0.20.0/24
ip prefix-list FICHA seq 100 permit 0.0.0.0/0 le 32
router ospf 1
 distribute-list prefix FICHA in
```

Tuseme umeyaandika haya kwenye R3 pasipo kichujio cha `in` cha hatua ya 4, na eneo 1 ni la kawaida, si `stub`. Njia ya 10.0.20.0/24 itatoka katika jedwali la R3. Lakini andika `show ip ospf database summary 10.0.20.0` na utaliona tangazo bado lipo, na R3 imeshampa R5 nakala yake. R5 itakokotoa njia kwenda ofisi ya fedha kupitia R3, itatuma pakiti huko, na R3 isipokuwa na njia chaguomsingi itazitupa. Watumiaji walio nyuma ya R5 watalalamika, na ukiangalia jedwali la R5 utaona kila kitu ni sawa. Kosa la namna hii huchosha kulitafuta, kwa sababu dalili iko ruta moja na chanzo kiko nyingine.

Kwa hiyo tumia `distribute-list in` kwenye ruta iliyo mwishoni, isiyopitisha trafiki ya ruta nyingine. Na `distribute-list out` katika OSPF haizuii matangazo kwenda kwa majirani. Inagusa tu njia za nje zinazoingizwa na ASBR yenyewe.

Utakutana pia na amri ya kiolesura `ip ospf database-filter all out`, ambayo huzuia matangazo yote kutoka kupitia kiolesura hicho. Usiitumie kama kichujio cha njia. Imewekwa kwa miundo maalumu, na ukiikosea utazitofautisha ramani ambazo lazima zifanane.

Ikiwa shida yako ni wingi wa mitandao midogo ya viungo kati ya ruta, ambayo hakuna mtumiaji anayeihitaji, amri ya `prefix-suppression` chini ya `router ospf` huiondoa kwenye matangazo bila kuvunja ujirani. Utaratibu huo umeelezwa katika RFC 6860 ya mwaka 2013.

Hatua ya 8: Thibitisha, kisha hifadhi

Kwenye ruta iliyokusudiwa isione njia, andika amri hizi mbili, moja ya jedwali na moja ya hifadhidata:

```
show ip route 10.1.99.0
show ip ospf database summary 10.1.99.0
```

Kichujio cha mpakani kikifanya kazi, vyote viwili vitakuwa havina mtandao huo. Pima pia kilichotakiwa kubaki: jaribu kuifikia 10.1.10.0/24 kutoka R1, na hakikisha anwani unazotumia kuingia kwenye ruta bado zinafikika. Ndipo uandike `reload cancel` na kuhifadhi.

Kwa wanaotumia FRRouting na MikroTik

FRRouting inazijua `filter-list` na `range ... not-advertise` kwa maandishi yanayokaribiana sana na haya. Haina `distribute-list in` ya OSPF; kuficha njia kwenye jedwali la ruta hufanywa kwa `ip protocol ospf route-map`.

Katika RouterOS 7 ya MikroTik, vichujio huandikwa kama minyororo ya sheria na kutajwa katika `in-filter-chain` na `out-filter-chain` za OSPF. Mnyororo wa kutoka unagusa njia za nje peke yake, na njia isiyokubaliwa na sheria yoyote ya mnyororo hukataliwa, kwa hiyo malizia na `accept`. Mtandao wa ndani wa eneo huzuiwa mpakani kwa `area range` yenye `advertise=no`.

Mambo yakienda kombo

*Njia bado inaonekana baada ya kuchuja mpakani.* Tazama mstari wa `Advertising Router` katika `show ip ospf database summary`. Ikiwa ni ruta nyingine na si ile uliyoisanidi, umepata mpaka wa pili. Usikae kusubiri ukidhani ni tangazo la zamani litakalokwisha muda: ruta ya mpakani ikiacha kutangaza njia, huliondoa tangazo lake katika eneo mara moja.

*Njia haionekani, lakini pingi inafika.* Kuna njia chaguomsingi, au muhtasari mpana kama 10.1.0.0/16, unaozipeleka pakiti hadi R2, nayo R2 inaujua mtandao wa kamera. Kuchuja njia si ulinzi. Ikiwa lengo ni kuwazuia watu wasifikie kamera, weka ACL au fayawoli; kutoweka kwa njia hakumzuii mtu yeyote.

*Pingi haifiki ingawa njia ipo.* Fuata kwa `traceroute` uone pakiti zinafia wapi, kisha utafute `distribute-list in` kwenye ruta hiyo ya mwisho. Angalia pia njia ya kurudi, kwani huenda umechuja upande wa pili.

*Majirani wamepotea baada ya kubadilisha aina ya eneo.* Linganisha `show running-config | section router ospf` kwenye ruta zote za eneo hilo. Ruta moja isiyo na `stub`, au yenye `nssa` mahali pa `stub`, itakataliwa na wenzake.

*Njia zote za eneo zimetoweka kwa pamoja.* Rudi hatua ya 3 na usome mstari wa mwisho wa orodha yako. Kisha andika `show ip prefix-list detail` uone hesabu ya kila mstari: mstari wa ruhusa wenye sifuri, huku njia zimepotea, kwa kawaida ni ule uliokosa `le 32`.